Gari kula mafuta si lazima iwe kosa la sheli

Mhariri,

Madereva wengi wa Dar es Salaam wanaamini petroli ya sheli fulani inakaa kuliko ya nyingine. Petroli yetu huagizwa kwa pamoja, meli moja ikihudumia kampuni nyingi. Tofauti ya chapa huwa kwenye viungio vya kusafisha nozeli za injini, navyo haviongezi kilomita kwa tangi moja.

Anayetaka uhakika apime. Jaza hadi pampu ijikate yenyewe, usiongeze tone, rudisha tripu mita (kihesabu kilomita cha safari) kwenye sifuri. Tembea angalau kilomita 300, rudi pampu ileile, jaza vilevile. Kilomita 330 kwa lita 30 ni 11 kwa lita. Rudia matangi matatu kwa kila sheli, njia ileile, maana foleni ya Mwenge na AC inayowaka huvuruga hesabu yote.

Mara nyingi mlaji ni gari lenyewe: upepo pungufu kwenye matairi, filta ya hewa iliyojaa vumbi, breki zinazoshika. Chomoa plagi ya injini uitazame; masizi meusi makavu ni dalili ya mafuta kuzidi hewa.

Cha kuogopa kweli ni petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa: injini hugonga ikipanda mlima. Hapo tunza risiti, upeleke malalamiko EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Fundi magari,
Tabata, Dar es Salaam