Mama Ilham, hiyo chupa itoe jikoni

Morogoro, Jumapili usiku

Shoga yangu Mama Ilham,

Salaam aleikum. Hujambo? Baba Ilham hajambo, na bibi je? Huku kwema, mvua tu ndiyo haijajua inataka nini. Salamu nyingine nitazimalizia chini, maana picha ulizonitumia jana haziwezi kungoja.

Nimeona nikuandikie kabisa badala ya kutuma sauti. Sauti utaisikiliza kwenye daladala, nusu imezwe na honi, na dada hapo nyumbani hataisikia. Hii ichape, muibandike kwenye friji.

Umetuma picha tatu: kadi ya kliniki ya mtoto, kopo la unga wa lishe, na chupa imesimama nyuma yake. Wewe ulitaka nitazame kopo. Mimi nimetazama chupa. Chuchu mmeikata kwa wembe, si ndiyo? Mkato wenyewe nimeuona, umekwenda upande. Najua inavyokuwa: tundu la kawaida halipitishi uji, mtoto anafyonza mpaka analia, basi linapanuliwa. Likipanuliwa uji bado unaziba, basi unaongezwa maji. Kidogo kidogo mtoto anajikuta anakunywa maji yenye rangi ya ulezi, na kwenye kadi mstari wa uzito umelala kama kamba ya kuanikia nguo.

Hebu tupige hesabu. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji kama kalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na anazopata kwenye maziwa yako. Uji unaopita kwenye chuchu una kijiko kimoja cha chakula cha unga kwa kikombe cha maji cha mililita 250. Hapo kuna kalori 30 na ushee. Kufikisha 200 inabidi anywe vikombe sita. Sasa tumbo: kadiria mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Wenu ana kilo 7 na kitu, kwa hiyo mililita 220 hivi zimemjaza, kikombe kimoja hakimaliziki. Avimeze sita saa ngapi, na ziwa liingie wapi? Dada anaposema "anakunywa sana lakini haongezeki" hasemi uongo, maskini.

Kwa hiyo upike hivi. Vijiko vinne vya chakula vya unga, vya kufuta juu si vya mlima, kwa kikombe kimoja cha maji. Unga ukoroge kwanza na maji baridi usije ukatoa madonge, ndipo uweke motoni, moto mdogo, dakika 15 hadi 20 huku unakoroga. Ukikaribia kuiva tia kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizosagwa laini kabisa. Siku nyingine badala ya karanga tia tui zito. Kwa karanga, bakuli hilo moja limefika kalori 200, nacho ndicho kipimo cha siku, kigawe upike kidogo kidogo mara mbili au tatu. Kipimo cha macho ni hiki: inua kijiko, uji ukae juu yake, ukianguka uanguke bonge, kwa uvivu. Ukitiririka kama chai ya maziwa, rudisha jikoni.

Bibi atasema utamkaba. Uji mzito unaoingia kwa kijiko, mtoto amekaa wima, haumkabi. Kinachokaba ni kumlaza chali na kumimina, na zaidi kumbana pua ili ameze. Hilo naomba lisitokee hapo nyumbani hata kwa mzaha, chakula kinaingia mapafuni.

Kama ameshazoea wepesi na anakataa mzito, tumia kimea. Mama zetu walikijua, sijui nani alitusahaulisha. Loweka ulezi usiku mmoja, mwaga maji, ufunike kwa kitambaa kibichi mahali penye giza siku mbili au tatu, ukiunyunyizia asubuhi na jioni. Vimizizi vikitoka anika mpaka ukauke kau, sugua, peta, saga. Pika uji mzito ule wa vijiko vinne, uache upoe mpaka kidole kinavumilia, halafu tia kijiko cha chai kimoja cha kimea na ukoroge. Ndani ya dakika chache uji unalegea wenyewe bila tone la maji, na chakula chote kimo ndani. Ukikitia uji ukiwa unachemka hakilegezi kitu, joto linakiua. Ukishalegea urudishe motoni uchemke tena kidogo, maana nafaka iliyooteshwa hubeba vijidudu. Na tumia ulezi, si mtama. Machipukizi ya mtama yana sumu.

Haya, kopo sasa. Nimehesabu vitu kumi na kimoja kwenye lebo. Mahindi, mchele, ngano, ulezi, uwele, soya, karanga, maharage, na sijui mbegu za nini. Watu wanadhani vikiwa vingi ndiyo lishe. Nafaka tano ni nafaka moja imejirudia mara tano, shoga. Maharage na soya havijui kuiva kwa muda mmoja na mchele, na soya ikisagwa mbichi inazuia tumbo lisimeng'enye protini. Inatakiwa ichemshwe, imenywe, ikaushwe ndipo isagwe. Karanga ndani ya unga huchacha mafuta baada ya wiki chache, ndiyo ile harufu uliyoniuliza. Tena mtoto akitoka vipele utajuaje ni kipi kati ya kumi na kimoja? Saga nafaka moja, mbili ukipenda, na kila kingine kiingie sufuriani siku hiyo hiyo.

Karanga na mahindi uchague mwenyewe kwa mkono. Iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi, tupa, usimpe hata kuku. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haifi kwa kuchemsha wala kukaanga. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo.

Kingine ambacho uji peke yake hauna ni madini ya chuma. Akiba aliyozaliwa nayo inakwisha karibu na miezi 6, na maziwa ya mama yana chuma kidogo. Kwa hiyo kila siku pawe na kitu cha mnyama: samaki, nyama iliyopondwa, yai zima lililochemshwa likaiva (hatachelewa kusema, mwambie bibi kwa adabu), maini vijiko vya chai viwili mara moja kwa wiki. Dagaa ndio rahisi, ila hao wenu wa Tanga huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Walowekwe, maji yamwagwe, vichwa na matumbo vitolewe, wakaangwe bila mafuta, watwangwe na kuchekechwa. Kijiko cha chai kwenye bakuli kinatosha. Siku ya maharage kamulia chungwa la Muheza juu yake, linasaidia chuma kuingia mwilini. Chai inafanya kinyume, hata ile ya rangi kidogo tu ya kulowekea mkate.

Mengine nayapitia haraka. Chumvi na sukari, bado kabisa. Asali mpaka mwaka utimie, inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga mpaka pumzi. Tende mlimgusisha siku ya kwanza na imetosha. Maziwa ya ng'ombe kama kinywaji chake kikuu, vilevile ni baada ya mwaka. Papai, parachichi, boga, viazi lishe, vyote ponda kwa uma, usivisage kwenye blenda vikawa juisi. Akifika miezi 9 mpe vya kushika mwenyewe, milo mitatu hadi minne na kitafunwa katikati. Ugali laini na mchuzi wa samaki, bokoboko lisilo na chumvi, vyote vinamfaa. Karanga nzima asiguse.

Chupa narudi kwayo, usinichoke. Umesema unaihitaji kwa maziwa unayokamua. Huihitaji. Kikombe kidogo kisicho na mfuniko, unakigusisha mdomo wa chini, anaramba mwenyewe. Kikombe kinaoshwa kwa sabuni na vidole vinafika kila pembe. Chupa ina shingo, ina chuchu, na ile chuchu iliyopasuliwa ina ufa ambao uji unagandia humo; brashi haifiki, na kuharisha kule kwa wiki iliyopita sishangai. Maziwa ya kukamua kwa joto la Tanga yasikae mezani, yaingie friji mara moja, humo yanamaliza siku nne. Kupasha ni kuweka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto, si jikoni. Na uji wa asubuhi kwenye chupa ya chai mpaka saa saba mchana, hapana. Unakuwa vuguvugu, hapo ndipo vijidudu vinapozaliana. Dada apike kidogo, kilichobaki amalize yeye.

Kuhusu bosi wako: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Si hisani yake. Muulize kwa upole, lakini muulize.

Sasa nijibu wewe. Matone ya vitamini A ya miezi 6 alipata au siku ile mlirudishwa? Choo bado kigumu? Usiku ananyonya mara ngapi? Kadi ya mwezi ujao utanitumia picha isiyo na kivuli cha kidole? Mama Fahmi alishajifungua au bado anahesabu? Na ile kanga yangu ya maandishi ya kijani, iko kwako au kwa yule wa Makorora? Maana kila mmoja ananielekeza kwa mwenzake.

Msalimie bibi sana, usimsomee ile sehemu ya pua.

Wako,
Mama Nuru

N.B. Kimea usipopata ulezi mzuri hapo sokoni niambie, kuna basi la Alhamisi, nitakufungia kilo mbili.