YAH: BERINGI ISIYO NA MFUO, NA UDHALILISHAJI NILIOFANYIWA KAUNTANI KWENU

Kwa Meneja Mkuu,
Idara ya Vipuri na Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Nakusalimu kwa heshima, na nitajitahidi heshima hiyo isinitoke hadi mwisho wa barua hii, ingawa wafanyakazi wako hawakunirahisishia kazi hiyo.

Namba ya oda yangu mnayo, nakala ya risiti mnayo, na masharti ya kurudisha bidhaa mmeyaandika ninyi wenyewe, kwa hiyo sitawakariria. Niingie kwenye jambo lenyewe.

Katika ile seti ya kukarabati giaboksi ya manyuali mliyoniuzia, beringi ya nyuma ya shafti kuu ilitakiwa kuwa 6306 NR. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye orodha yenu ya vipuri na hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye beringi kuukuu niliyoitoa kwa pula, kile kifaa cha kuvutia beringi kwenye shafti. Mliniletea 6306 tupu. Kwa kuwa kauntani kwenu niliambiwa kwamba "namba ni ileile," inabidi nieleze kitu ambacho muuza beringi hapaswi kuelezwa na mnunuzi. 6306 inataja vipimo: tundu la milimita 30, kipenyo cha nje 72, upana 19. Herufi NR zinasema kwamba ukingo wa nje umechongwa mfuo, yaani mfereji mwembamba, kuzunguka, na klipu yake imo. Klipu hiyo ndiyo inayokaa kwenye nafasi yake ndani ya keisi na kuishika beringi, pamoja na shafti nzima, isiende mbele wala nyuma. Gia hizi zina meno ya mshazari. Ukikanyaga mafuta, meno hayasukumani kuzunguka tu, yanasukumana na kwa urefu wa shafti pia. Ukiachia mafuta, msukumo unageuka. Toa klipu hiyo, na shafti haina kinachoishikilia isipokuwa mbano wa beringi ndani ya tundu lake.

Na ubaya wa kosa hili ni kwamba halijionyeshi mezani. Beringi tupu inaingia kwenye shafti vizuri, inaingia kwenye keisi vizuri, kava linafungwa, giaboksi inapandishwa garini. Ni barabarani ndipo gia inapoanza kuchomoka yenyewe, au uma wa gia, ule unaosogeza gia ziingie, unapolika kwa sababu unabeba mzigo usiokuwa wake. Mtu asiye makini angefunga. Mimi niliona kabla sijaipeleka kwenye presi ya kuibana kwenye shafti, ikiwa bado na karatasi yake ya mafuta, nikaifunga tena kama ilivyokuwa na kuja nayo kwenu pamoja na ile ya zamani, ili mzilinganishe kwa macho.

Sasa naomba usome kwa utulivu yaliyotokea kauntani.

Nilimwekea kijana wenu beringi zote mbili mbele yake. Hakuzitazama. Alinitazama mimi, akasema: "Mama, mwambie fundi wako aje mwenyewe." Nikamjibu kwamba fundi ni mimi, giaboksi nimeifungua mimi na ninaifunga mimi. Akacheka, akawageukia wateja waliokuwa nyuma yangu ili nao wacheke. Kisha akaisukuma beringi mpya kunirudishia, kwa nguvu, ikabingirika hadi ukingoni mwa kaunta na kuanguka kwenye sakafu ya saruji. Akasema: "Basi, imeshaanguka. Beringi iliyoanguka hatuipokei."

Ndugu Meneja, ameiangusha yeye.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimewapigia simu. Dada aliyepokea aliniambia nitume picha, nikatuma: beringi mbili ubavu kwa ubavu, mfuo unaonekana kwenye moja na kwenye nyingine hakuna. Jibu lililokuja lilinishauri nihakikishe nimesafisha shafti kabla ya kufunga. Hakuna aliyefungua zile picha, kwa sababu aliyezifungua hawezi kuandika jibu hilo. Shafti yangu ni safi. Kila gia ipo kwenye kitambaa kwa mpangilio iliyotoka nao, kila gololi na springi yake ina kikopo chake, na vipini vidogo vinavyozuia gia mbili zisiingie kwa pamoja nimevihesabu na kuviandika, kwa kuwa kimoja kikibaki nje giaboksi inaweza kujifunga gari likiwa kwenye mwendo. Naandika haya ili ujue ni mtu wa aina gani aliyeambiwa akamlete fundi wake.

Na kwa kuwa mmenilazimisha kuikagua seti yote upya, kuna mengine. Klipu za shafti, ambazo orodha yenu inasema zinakuja kwa unene tofauti ili mfungaji achague inayojaza mfuo bila kulegea, zote zimekuja na unene mmoja. Nimezipima. Pete za shaba za sinkronaiza nazo, zile zinazolinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia: pete isiyolika ukiikandamiza kwa mkono kwenye koni ya gia yake, inashika, na inabaki nafasi kati ya meno ya pete na meno ya gia, nafasi inayopimwa kwa fila geji, yale majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi. Pete yenu ya gia ya tatu inazama hadi mwisho. Fila geji haipiti kabisa, hata jani lake jembamba kuliko yote. Pete mpya inayokaa kama iliyokwisha itaifanya gia ya tatu ikwaruze tangu safari ya kwanza, na hapo mngesema nimetumia oili isiyofaa. Oili niliyonayo ni ya daraja la GL-4, la oili za giaboksi, iliyoelekezwa na mtengenezaji wa gari. Nalisema mapema ili njia hiyo ya kujitetea msiitumie.

Lakini narudi kauntani, maana hilo la pete ni kosa la stoo, na kosa la stoo linasameheka. Hili la kauntani nimelala nalo na kuamka nalo.

Msimamizi wa zamu alikuwapo. Alisimama hatua chache tu, na muhuri mkononi, wakati kijana wake ananiuliza fundi wangu yuko wapi. Alisikia nikijibu. Alisikia kicheko. Aliona beringi ikisukumwa, na aliiona ikianguka, kwa sababu mlio wa chuma kwenye saruji uligeuza shingo za watu wote waliokuwamo. Mimi ndiye niliyeinama kuiokota, kati ya miguu ya wateja, huku kijana akiendelea kuongea juu ya kichwa changu kwamba watu wanaofungua magari nyumbani ndio wanaoharibu vipuri na kuja kudai. Nilipoinuka nikamgeukia msimamizi nikamwuliza: "Umeona aliyeiangusha?" Akasema: "Tufuate utaratibu, mama. Bidhaa ina athari ya kuanguka." Akapiga muhuri wa KATAA kwenye fomu yangu. Muhuri huo ninao.

Ni kweli beringi iliyoanguka haifai. Gololi zinapigwa kwenye njia zake, zinaacha vidonda usivyoviona kwa macho, na baada ya muda mfupi inaanza kulia. Msimamizi wenu analijua hilo vizuri kabisa, na alilitumia dhidi ya mtu ambaye beringi yake imepigwa chini na mfanyakazi wa kampuni mbele ya macho yake. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kosa la kufungasha kipuri nisichoagiza mngelirekebisha siku ileile kwa kutoa boksi jingine rafuni. Mlichagua kuniaibisha mbele ya watu kisha mkaniandikia mimi hasara ya mkono wenu.

Na bado kwenye matangazo yenu mnaandika kwamba seti hii ni ya anayekarabati gari lake mwenyewe nyumbani. Pesa yetu sisi wa nyumbani mnaipokea bila kuuliza fundi yuko wapi.

Nilipoanza kuandika nilitaka kitu kimoja tu: mnibadilishie beringi, mnipe 6306 NR yenye klipu yake. Nikifika hapa naona hilo halitoshi. Seti hii siiamini tena. Beringi zilizobaki ndani yake sijui zilihifadhiwa wapi wala zilishikwa na mikono gani, na sitafunga ndani ya giaboksi kipuri kilichotoka kwenye stoo isiyotofautisha beringi yenye mfuo na isiyo nao. Kwa hiyo nataka fedha yangu yote ya seti irudishwe, pamoja na gharama ya usafirishaji, na seti mje kuichukua wenyewe kwa gharama yenu. Sitaileta kwenye kaunta ile.

Nataka pia barua ya kuomba radhi, kwa maandishi, yenye sahihi yako wewe na si ya idara, ikitaja waziwazi kwamba beringi iliangushwa na mfanyakazi wenu na kwamba muhuri wa KATAA umefutwa. Nataka kuelezwa hatua iliyochukuliwa dhidi ya msimamizi. Kijana anaweza kufundishwa. Msimamizi aliyeona akaamua hakuona ni tatizo kubwa zaidi kwenu kuliko kwangu. Kamera iliyo juu ya kaunta ile inaelekea mahali niliposimama. Nawataka muihifadhi picha ya siku hiyo, ambayo tarehe yake ipo kwenye fomu. Ikifutwa baada ya kupokea barua hii, nitachukulia imefutwa kwa makusudi, na nitasema hivyo mahali panapohusika.

Nawapa siku 7 tangu mnapoipokea. Nilikusudia kuandika 14, nikakumbuka muhuri ulivyopigwa kwa haraka. Kasi hiyo mnaiweza. Siku ya nane malalamiko haya yatakwenda kwenye mamlaka inayolinda haki za walaji, yakiwa na picha za beringi zote mbili, vipimo vya pete na klipu, na fomu yenye muhuri wenu. Hapo dai langu litaongezewa fidia ya udhalilishaji, na sitapokea simu ya kunibembeleza nipunguze. Msinipigie kabisa. Jibuni kwa maandishi.

Beringi ileile ipo kwangu, na alama ya saruji ubavuni. Nimeifunga na kuiandika tarehe. Atakayekuja kuchukua seti hataondoka nayo hiyo. Itabaki kwangu kama ushahidi hadi shauri hili liishe.

Wenu katika kudai haki,

Mteja, na fundi aliyeifungua giaboksi hiyo

Viambatanisho: nakala ya risiti, fomu ya marejesho yenye muhuri, picha.

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi ya Wakurugenzi.