Shukrani kwa dada aliyezuia damu ya mbwa wetu

Dada, jina lako sikulipata, ila asante yangu naitoa mbele za watu. Mbwa wetu alivuta mguu ghafla akiwa anakatwa kucha, mkasi ukapita hadi kwenye mshipa. Kucha zake ni nyeusi, mshipa wa ndani hauonekani. Damu ikatapakaa sakafuni, watoto wakaangua kilio.

Ulisikia kelele, ukabisha hodi. Kwanza ulitutuliza sisi, kwa sababu mbwa akiona watu wamepaniki naye huhangaika, na damu huzidi kutoka. Ukamlaza ubavu, ukakibana kidole kile kwa kitambaa safi. Kila nilipotaka kufunua nichungulie, ulinizuia: ukifunua unabandua damu iliyoanza kuganda. Kisha ukamimina wanga wa mahindi kiganjani, ukachovya ncha ya kucha humo, ukaushindilia kwa kidole gumba na kubana tena dakika kadhaa. Ule unga mweupe uligeuka uji mwekundu, halafu ukakauka ukawa kigaga.

Wala hukukimbilia kuondoka. Ulikaa naye asilambe kucha wala asirukeruke, ukatuambia damu ikipita nusu saa bila kukata, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Haikufika huko.

Wenzangu wenye mbwa, wekeni wanga au poda ya kukausha damu karibu kabla hamjashika mkasi. Na mkimsikia jirani ametaharuki, ingieni mumsaidie.

Dada, mbwa anatembea vizuri. Asante sana.