Mwanangu, ukianguka nani atajua?

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila baba yako amekuwa mkimya tangu ulipoleta habari za mkataba wa timu ya baiskeli, na unamjua, akinyamaza hivyo ujue kuna kitu anakipigia hesabu. Nimeona niandike, kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikitamka tu neno mteremko, mara mtandao unakatika.

Uliniambia nisome habari za Annemiek van Vleuten, yule Mholanzi bingwa wa mbio za baiskeli, ili moyo utulie. Nimesoma, mama. Nimesoma hadi usiku wa manane, na sasa ndiyo silali kabisa. Wewe ulikuwa unahesabu makombe yake, mimi nikawa nahesabu mifupa. Rio 2016, Olimpiki, anaongoza mbio, zimebaki kama kilomita kumi, anashuka mlima wa Vista Chinesa, kona inamshinda: nyufa tatu kwenye uti wa mgongo na mtikisiko wa ubongo. Innsbruck 2018, Mashindano ya Dunia, goti. Akapanda tena baiskeli akamaliza mbio na goti hilohilo. Italia 2020, amevaa jezi ya waridi ya kiongozi, kifundo cha mkono. Mbio za Paris–Roubaix 2021, kwenye zile barabara za mawe, mfupa wa kinena, tena mahali pawili. Australia 2022, kiwiko. Na wewe kwenye kila habari uliyonitumia umebandika vile vijikatuni vya ngumi na moto, kana kwamba ni harusi.

Najua utakachosema. Kiwiko kile kilivunjika Jumatano na Jumamosi akawa bingwa wa dunia, miaka 39, alipochomoka ndani ya kilomita ya mwisho wenzake wakiwa bado wanatazamana. Nimekiona. Nimeona pia kwamba mwaka huohuo alishinda Tour de France ya wanawake baada ya kuugua tumbo siku za mwanzo hadi akakaribia kuacha. Sikatai kwamba ni mwanamke wa chuma. Ila wewe si yeye, na mimi si mama yake.

Sasa nikwambie kinachoninyima usingizi, maana baba yako anadhani naogopa damu. Siogopi damu. Umechubuka magoti na viwiko tangu utotoni, na ngozi huota. Naogopa uanguke mahali ambapo hakuna anayekuona.

Pale Rio kamera zilikuwepo, dunia nzima iliona. Hata hivyo Anna van der Breggen, Mholanzi mwenzake, alimpita amelala kando ya barabara hatikisiki, akaendelea, akashinda dhahabu. Simlaumu. Angesimama angemfanyia nini, yeye si daktari. Lakini nilipofika hapo ndipo nilipoelewa kazi yenu ilivyo: aliyeanguka hupitwa. Anayepaswa kusimama ni mtu mwingine, mwenye gari, na mtu huyo lazima kwanza ajue.

Halafu nikasoma habari za yule msichana wa Uswisi, Muriel Furrer. Hii hukunitumia wewe. Niliipata mwenyewe na ninajua kwa nini hukunitumia. Septemba 2024, Zurich, Mashindano ya Dunia, mbio za wasichana chipukizi. Miaka 18, anakimbia kwenye nchi yake, mvua inanyesha, barabara inapita msituni kwenye mteremko. Alitoka barabarani na hakuna aliyemwona. Mbio zikaendelea, na muda mrefu ukapita kabla hajapatikana. Kesho yake akafariki. Mwanangu, niliweka simu chini nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Utaniambia hiyo ilikuwa ajali moja katika maelfu. Sawa. Lakini haikuwa bahati mbaya tupu, na hapo ndipo ninapotaka unisikilize. Kwenye mashindano kama hayo, na kwenye Olimpiki, hamruhusiwi kuvaa redio za sikioni, kwa hiyo mtu hawezi kuita na timu haiwezi kumuuliza yuko wapi. Wewe mwenyewe ulinisimulia habari ya Tokyo ukicheka: Annemiek anavuka mstari, ananyanyua mikono juu akijua dhahabu ni yake, kumbe Anna Kiesenhofer wa Austria alishafika zaidi ya dakika moja kabla. Alichomoka tangu mwanzo, na Waholanzi wanne, mabingwa watupu, wakamsahau kwamba yuko huko mbele. Kila mtu alicheka. Mimi sikucheka. Ikiwa mtu anaweza kupotea akiwa mbele ya wote, kwenye Olimpiki, sembuse aliyelala chini ya kingo za barabara nyuma ya miti?

Mwaka 2025 kule Kigali, kwenye Mashindano ya Dunia, waendeshaji wote walifungiwa vifaa vya GPS ili wajulikane walipo. Vizuri. Mwezi mmoja kabla, kwenye mbio za Tour de Romandie ya wanawake huko Uswisi, timu tano ziliondolewa kabla ya kuanza kwa sababu ya ugomvi kati yao na shirikisho la baiskeli la dunia juu ya nani amchague mwendeshaji wa kubeba kifaa kama hicho cha majaribio. Nimesoma hoja za pande zote mbili, kila upande una sheria zake, na kwa maoni yangu wote walistahili kufungiwa chumba kimoja na wazazi wa hao wasichana kwa nusu saa. Kifaa kinatosha mfukoni!

Kwa hiyo ukifika kwenye timu, kabla hujauliza rangi ya jezi wala baiskeli ya aina gani, muulize meneja: mwendeshaji wenu akitoka barabarani wakati gari la timu liko nyuma ya kundi jingine, nani anajua, na anajua baada ya dakika ngapi? Muulize hivyohivyo. Akicheka, nipigie.

Na mashindano ni siku chache tu. Siku nyingi ni mazoezi, masaa manne, matano, peke yako, milimani, na magari. Mdogo wako ameniambia ile kompyuta ya kwenye usukani inaweza kutuma ujumbe yenyewe ukianguka. Ameniambia pia kwamba umeizima, kwa sababu ukifunga breki kwa ghafla inapiga kelele na kuanza kuhesabu sekunde. Iache ipige kelele. Iwashe leo, usisubiri kufika huko. Na kwenye ile fomu ya timu, mtu wa kupewa taarifa wakati wa dharura umeandika namba ya mdogo wako. Mtoto ambaye simu yake haina chaji tangu saa saba mchana! Andika yangu. Mimi silali, nimeshakwambia.

Nimeiona na ile video. Usijifanye huijui ninayoisema, ile rafiki yako aliyoirekodi toka kwenye gari, umekalia bomba la fremu, kidevu juu ya usukani, unashuka kama jiwe lililorushwa. Mtindo huo umepigwa marufuku mashindanoni tangu Aprili 2021. Wamekataza watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, wewe unaufanya mazoezini bila hata mtu wa kukuona isipokuwa huyo mpiga picha. Nani alikufundisha kwamba anayeshika breki ni mwoga, hilo tuliache. Baba yako anasema ni mimi. Labda siku hiyo nilikuwa na haraka ya kufika.

Mkataba nimeusoma wote, na shangazi yako akanisaidia kwenye vifungu. Ungetuonyesha kabla ya kutia sahihi, lakini limepita. Nilichokipenda ni kwamba sasa ni kazi inayojulikana kuwa kazi. Timu za daraja la juu la wanawake zililazimishwa kulipa kima cha chini cha mshahara mwaka 2020 tu, yuro 15,000 kwa mwaka, na kimekuwa kikipanda tangu hapo. Kabla ya hapo mtu angeweza kuwa kwenye timu kubwa na bado akaomba nauli nyumbani. Shangazi yako ameniambia habari ya Lizzie Deignan, Mwingereza, aliyeshinda Paris–Roubaix ya kwanza ya wanawake mwaka 2021. Alijifungua mwaka 2018, akarudi, akaenda peke yake zaidi ya kilomita 80 kwenye mbio zile, akafika mikono inavuja damu. Zawadi ya mshindi ilikuwa yuro 1,535, wakati mwanamume alipewa yuro 30,000. Shangazi alikasirika kuliko mimi. Mimi nilikuwa bado kwenye ile damu ya mikono. Kifungu cha likizo ya uzazi pia nimekiona kwenye mkataba wako. Sisemi kitu.

Ninachosema ni masomo. Huyo Annemiek wako ana shahada ya uzamili ya epidemiolojia, aliisoma kwanza, na baiskeli ilikuja baada ya goti kumtoa kwenye soka. Hakuwa na pupa. Alistaafu mwaka 2023 akiwa na miaka 40, kwa hiyo usiniambie eti ukichelewa mwaka mmoja mlango unafungwa. Lakini najua umeshaamua, na nikikuzuia utakwenda ukiwa umekasirika, na mtu mwenye hasira hashuki mlima vizuri. Omba tu chuo kikuhifadhie nafasi yako. Barua nimekuandikia, iko kwenye droo ya juu, inataka sahihi yako.

Usidhani sijivuni. Ile video ya Mashindano ya Dunia ya Yorkshire 2019, Annemiek anachomoka zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100 na kwenda peke yake hadi mwisho, nimeitazama tena na tena baba yako akiwa amelala. Nilikuwa namwambia asigeuke nyuma. Nilimwambia kwa sauti, hadi baba yako akaamka akauliza nani kaingia. Kisha nikakuona wewe mahali pake, mgongo ule, na jinsi unavyoinamisha kichwa upande wa kushoto ukichoka. Unakiinamisha, hujui tu. Kocha wako akusaidie, maana hapo ndipo unapoacha kuona barabara. Naye baba yako ana nyota wa kwake, yule wa Mauritius, Kimberley Le Court, tangu aliposhinda mbio za Liège–Bastogne–Liège kule Ubelgiji mwaka 2025, Mwafrika wa kwanza kushinda mojawapo ya zile mbio kongwe kubwa za siku moja upande wa wanawake. Anajifanya hafuatilii, lakini ukimuuliza habari za jezi ya njano ya kiongozi aliyoivaa kwenye Tour de France mwaka huohuo atakueleza hatua kwa hatua.

Ukipata nafasi ya kuwa msaidizi wa nyota kwa miaka miwili, ikubali, usione aibu. Kuchota chupa za maji kwenye gari na kumkinga mwenzako upepo ni kazi. Tena anayerudi kwenye gari kuchota maji anaonekana na gari, hilo silioni kuwa baya hata kidogo. Kula, pia. Najua mnapimana uzito huko. Usije ukaniletea mifupa na ngozi eti milima inataka watu wepesi.

Nyumbani paa la chumba chako bado linavuja pale juu ya kabati. Fundi alikuja akaziba pasipovuja. Nimehamishia nguo zako kwenye masanduku, ila zile taulo zenye grisi ya mnyororo nimezifanya matambara, usiniulize. Kile kifaa chako cha mazoezi ya ndani tumekiweka sebuleni nyuma ya mlango, wageni wanadhani ni mashine ya kusagia. Bibi yako anakusalimu. Anauliza kama huko mnapokwenda kuna mtu wa kuwapikia, na kama baiskeli za siku hizi zina kengele. Nimemwambia hazina. Akasema basi watu watajuaje kwamba unakuja? Sikuwa na jibu.

Siku ya safari nitakusindikiza, lakini sitaingia ndani. Baba yako ataingia. Kofia mpya usiipakie kwenye mzigo wa chini, ibebe mkononi, wale wapakiaji hutupa mizigo ovyo, na kofia iliyogongwa hata kama haijapasuka haifai tena. Ya zamani uliyoangukia usimpe mtu, ivunje.

Mama yako.

N.B. Mdogo wako anataka kufungua pedali za baiskeli yako ya zamani aitumie. Ya kulia imetoka. Ya kushoto anaizungusha upande uleule, imekataa, na leo nimemkuta na nyundo. Mwambie inazungushwa upande gani. Lakini usimjibu kabla hujabadilisha ile namba kwenye fomu.