Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Namshukuru Mungu kwa kutukutanisha, ingawa waliofika ni 31 kati ya 112, na saa nne tuliyotangaza imekuwa saa sita na nusu.

Vikao vya kila mwezi, misiba na usafi wa ofisi mnavijua, sivirudii.

Nije kwenye turubai na viti. Ni kweli mkutano uliopita ulitaka tununue vya kukodisha. Ni kweli pia kwamba kamati, kwa pendekezo langu, ilizipeleka fedha hizo, shilingi 1,850,000, kwenye mafunzo ya siku tano ya vijana 14 wa kuwezesha darasa letu la watu wazima la kusoma na kuandika kwa hadithi, nakala 60 za vitabu vya hadithi, chakula na nauli. Nimesikia yanayosemwa vijiweni, kwamba mwenyekiti amenunua ngano za watoto.

Mimi marehemu mama yangu aliingia darasani mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Ba be bi bo bu hadi jioni, akawa anasinzia. Silabi hatujazitupa, walimu wetu wastaafu watulie. Ila sasa zinatoka ndani ya hadithi.

Waliokuja kwenye darasa letu ghalani Alhamisi moja wanajua. Binti wa kidato cha nne alisoma kisa cha Fisi aliyekabidhiwa ufunguo wa kisima, akafika katikati, akakifunga kitabu. "Nani alimpa Fisi ufunguo?" Kimya. Mama mmoja, aliyejiunga hawezi kuandika jina lake, akajibu: "Sisi tuliolala nyumbani siku ya mkutano." Kisha akaenda ubaoni akaandika FISI, S ikiangalia nyuma. Hapo ndipo binti alipoeleza kuwa mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe.

Mama yule alikwenda mkutanoni akanyoosha mkono. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba ulikuwa umekaribia, ikasemekana tunafundisha siasa. Aliyeitwa kujieleza ni mimi, na nilikwenda peke yangu.

Ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Waliolipa ni 41, jumla 984,000. Wanaopiga kelele zaidi kuhusu turubai sitawataja, lakini wengine wana deni tangu 2022. Pengo limezibwa na akiba, pamoja na 200,000 za mfukoni mwangu. Siidai, ila iandikwe kwenye muhtasari.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kufika vitongoji vingine. Turubai nalo tutalitazama.

Vijana wale wale tuliowafundisha wamenidai risiti ya mchele wa mafunzo. Nilishangaa kidogo, lakini nimeileta, iko kwa mhazini. Maswali yaulizwe akishasoma hesabu. Orodha ya wadaiwa imebandikwa mlangoni.