Mpeni kiti mgeni

Dada,

Asalaam alaykum. Najua hutoisoma mwenyewe, mwanao atakusomea, na akifika pahala pazito atataka kuruka, mwambie asiruke.

Nimesikia mtoto kapata nafasi ya kuja kusoma huku Denmark na wewe umemzuia. Hukunambia weye, nimeambiwa na watu, tena wamenichukulia na neno lako zima zima, ati umesema asije akapotea kama mwengine. Mwengine yupi dada? Si tulizaliwa wawili tu sie.

Basi nakushauri kama mdogo wako, mwambie asali istikhara, amuombe Mungu amuoneshe njia, na wewe sali, halafu msikae mkangoja ndoto. Mie unakumbuka niliota nini, nimenunua ndizi sokoni Chake muuzaji kaninyima chenji, mama akacheka mpaka akapaliwa, akasema haya, nenda kaidai chenji yako. Nikaenda. Novemba 2011, Copenhagen, saa kumi jioni kishakuwa kiza, na kila nikifungua mdomo watu wananitazama kama naimba.

Sasa nikwambie Mungu alinionesha njia wapi, maana ndotoni sikuona kitu. Niliitwa usaili wa kazi ya usafi hotelini, nikaambiwa kwa simu njoo "halv tre". Halv ni nusu, tre ni tatu, mie kwa akili yangu nikajua tatu na nusu, yaani saa tisa na nusu kwa saa zetu. Kumbe wao wakisema hivyo wanakusudia nusu ya kuiendea tatu, saa nane na nusu! Nafika nimechelewa saa nzima, yule bwana wa kunisaili keshaondoka, nimesimama nje nalia na mvua yenyewe nusu maji nusu barafu. Mama mmoja wa kizungu alokuwa anafunga baiskeli yake akaniuliza nna nini, nikamwambia kwa Kidenmaki changu cha kuokoteza, "nimepotea saa". Akacheka kwanza. Halafu akanishika mkono akanipeleka anapofanya kazi yeye, nyumba ya wazee, mlango wa tatu kutoka pale hotelini, walikuwa wanatafuta watu. Ndo nipo hapo mpaka leo. Ningekwenda kwa wakati ningekuwa nakunja mashuka ya wageni hivi sasa. Mtu akinambia hiyo ni bahati tu sibishani naye, lakini mie najua.

Na ile dua ya Nabii Musa alotufunza mama tukichambua karafuu, punje huku makonyo kule, unavyonifinya nikikosea herufi. Wahlul uqdatan min lisani. Nilikuwa naisoma kwenye basi kila siku nikienda darasa la lugha, na siku moja ndo nikaisikia vizuri, kumbe Musa hakuomba awe msemaji, kaomba fundo tu lifunguke kwenye ulimi wake, watu wafahamu anachosema, basi. Na papo hapo, aya zinazofuata, akaomba apewe ndugu yake awe naye. Ndugu yake, dada.

Haya, tulifikie lile.

Februari 2019 simu imenikuta zamu ya usiku, saa tisa huku, kwenu alfajiri. Mkononi nimeshika kijiko nampa maji bi kizee mmoja alokuwa hakubali kunywa kwa mtu ila mie. Mama kazikwa baada ya Adhuhuri na ndo inavyotakiwa, maiti hangojwi, sijakulaumu kwa hilo hata siku moja. (Nilikulaumu. Wiki mbili hivi.) Nimefika siku ya tatu, Doha, Unguja, boti mpaka Mkoani Pemba, miguu imevimba, naingia ndani wanawake wamejaa mkekani wanasoma, katika kupita nikamkanyaga mtu kanga yake, neno likatoka lenyewe, "undskyld". Samahani, basi, ndo maana yake. Chumba kikanyamaza, kisha wawili watatu wakacheka chini chini, na wewe umekaa pale pale alipokuwa akikaa mama, hata hukuinuka, ukasema, "Mpeni kiti mgeni."

Wakaniletea. Cha plastiki, cha buluu, mguu mmoja umefungwa kamba. Nikakaa juu peke yangu kama msimamizi wa mtihani, nyote chini, juzuu mapajani na herufi sizioni. Mgeni! Nyumba ambayo bati lake... haya, hilo silisemi.

Najua ulichoka. Umemuuguza peke yako, kumgeuza, kumkosha, kumbembeleza ale, naijua kazi hiyo kwa kuwa ndo ninayolipwa, nawafanyia mama za watu. Nimeuliza sana kwenye sala kwa nini Mungu aninyime kumpa maji mama yangu anipe wa mtu mwengine, na sijajibiwa. Ila mikono yangu usiku ule haikuwa mitupu.

Huko kupotea unakokusema sijui ndo kupi. Ramadhani ya 2016 iliangukia Juni, Maghribi huku inakaribia saa nne usiku, nyie mkitia tende mdomoni mie bado masaa manne na nusu na zaidi, na nilifunga zote isipokuwa zile siku zetu (hapo mwanao anaweza kuruka). Na wazee naongea Kidenmaki, naota kwa Kiswahili, dua naomba kwa Kipemba kitupu na nadhani zinafika. Surat Rum imesema kutofautiana ndimi zenu na rangi zenu ni katika ishara Zake, sasa wewe ishara ya Mungu unaiwekea kiti?

Basi. Mruhusu mtoto aje. Ntampokea kiwanjani mwenyewe. Aje na karafuu kidogo, na ile kanga ya mama ya kusalia kama hujaigawa. Avae soksi mbili mbili. Na mtu akimwambia halv tre, aende saa nane na nusu.