Barua kwa wasimamizi wa vikundi vya WhatsApp vya vijana wa Lubumbashi

Watoto wangu wa mitaa yetu ya Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba,

Jambo. Ninawaandikia hasa ninyi mliofungua vikundi vya darasa, vya kwaya, vya mpira na vya mtaa. Anayewatukana wenzake humo ameonywa na wazazi wake, ameonywa na prefe, yaani mkuu wa shule, ameonywa na sisi walimu. Lakini ninyi ndio mlioshika mlango wa kikundi, na bado sijasikia mtu akiwaambia hivyo.

Mnajua mambo yanavyokwenda. Picha ya msichana inatumwa saa tatu usiku. Mmoja anaandika neno chafu juu ya mwili wake, kumi wanacheka, wengine wote wanatazama na kunyamaza. Kabla ya kengele ya asubuhi imeshafika shule nyingine. Na katika nyumba zetu nyingi simu ni moja, mama anaitumia, kaka anaitumia, kwa hiyo huenda mdogo wake akaisoma aibu hiyo kabla yake. Zamani mtoto aliyechekwa shuleni alirudi nyumbani akapumzika. Wa leo hana pa kupumzika. Anaanza kuumwa tumbo kila Jumatatu, masomo yanashuka, na wako wanaofikia kutamani kufa.

Msimamizi ana uwezo. Anaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote ukafutika kwa wote, anaweza kumtoa mtu, anaweza kufunga kikundi waandike wasimamizi peke yao mpaka hasira zipoe. Ni kazi ya dakika moja. Kinachowashinda wengi ni woga wa kuambiwa wanajifanya wakubwa. Afadhali mwambiwe hivyo.

Kabla ya kufuta, hifadhini picha ya skrini yenye namba na tarehe, itahitajika. Ila ikiwa ni picha ya uchi ya mtoto, msiihifadhi wala msiipitishe hata kwa nia njema. Andikeni namba na saa, ifuteni, mwiteni mtu mzima. Halafu mwandikieni aliyeonewa, faragha, usiku uleule: tumeona, tumefuta, hatuko pamoja nao. Hili msiliache kamwe. Mtoto anayeonewa huamini kikundi kizima kinamcheka, maana walionyamaza hawezi kuwatenga na waliocheka.

Kuna tusi ambalo ninaomba mlizime bila kungoja: tusi la kabila. Ninasikia vijana wanaandikiana "rudi kwenu Kasai" wakidhani ni mchezo. Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 1992 na 1993 hatuwezi kucheka. Wakasai, watu wenye asili ya Kasai waliokuwa wakiishi huku kwetu Katanga, waliitwa bilulu kwanza, yaani wadudu, kisha wakafukuzwa. Kule Likasi familia nzima zililala stesheni zikingoja treni, na wapo waliofia palepale na waliofia njiani. Wajukuu wa watu hao wamo katika vikundi vyenu, wanayasoma mnayoandika.

Sheria nayo ipo. Ile Code du numérique, sheria ya nchi yetu ya mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 Machi 2023 inamtia hatiani anayemsumbua mwenzake kwa njia ya simu au kompyuta, kwa kifungo na faini. Jina la uongo halimfichi sana mtu, kwa kuwa namba ya simu huandikishwa kwa jina lake. Lakini mimi sipendi kijana yeyote afikishwe huko, ndiyo maana ninasema nanyi mapema.

Na wewe unayetukanwa, mwanangu: usijibu. Mzuie huyo mtu, na usikae na jambo hilo peke yako. Mwambie mama, shangazi, mwalimu, padri au mchungaji. Wa kwanza asipokusikiliza, nenda kwa wa pili, na wa tatu. Mtu akikutisha kwamba atatoa picha yako usipompa pesa, usimpe hata franka moja, kwa sababu ukimpa leo, kesho atarudi kuomba nyingine. Nenda polisi pamoja na mzazi wako, mkiwa na ujumbe wote wa huyo anayekutisha, usifute hata mmoja.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu,
Katuba